Freni ya Mukono ya Gari ya Papa

Ajenti wa kontrole, mwenye kupima magari, aliuliza freni ya mukono iko wapi, na papa yangu akaninyooshea kidole.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya gari, nimevaa robe, gauni yangu ya kanisa, mikono yote miwili ku muti wa freni. Mie ni muntu wa haya. Ku masomo, mwalimu akiniita ku ubao, masikio inaanza kuwaka hata mbele ya kusimama. Na pale walikuwa wenye pikipiki wote wa upande wetu wa Nyamitaba, wamekuja kutafuta plake ya namba, pamoja na wamama wa soko, na wote waligeuka wakaniangalia. Lakini haya ilikuwa kitu kidogo siku ile. Neno lililonishitua lilifuata nyuma, na papa alilisema polepole, kama muntu anayeomba chumvi.

Inafaa nianzie ku chukudu.

Muntu asiyejua milima yetu akiona chukudu anafikiri ni muchezo wa watoto: mbao moja ndefu, magurudumu mawili ya muti yaliyovikwa kipira cha gari, na usukani kama wa baiskeli. Lakini juu ya hiyo mbao tunapakiza magunia ya maharagi, mihogo, makala ya kupikia, na kupanda tunasukuma, kushuka tunaiachia iende. Papa alikuwa fundi wa kuchonga chukudu na alikuwa anaitembeza pia. Kama muzigo ni muzito, watu wanashukaka wawili. Wa mbele anashika usukani. Wa nyuma anashika kamba iliyofungwa nyuma ya chukudu, anaegemea kwa uzito wake wote, visigino mu matope. Wa nyuma njo freni.

Mie nilikuwa wa nyuma wa papa tangu nilipoanza kuwa na uzito wa kufaa kitu. Jumamosi, vakansi ya masomo, na siku ya soko asubuhi mbele ya masomo. Hatukuwa tunasemezana sana. Akisema "shika", ninashika. Akisema "achia", ninaachia. Nafikiri ni muntu mmoja tu hapa duniani ambaye sikumuonea haya, kwa sababu nilikuwa namuona mugongo.

Mwaka ule mwingine, siku ya egzamen, mitihani yangu ku masomo, sikuweza kwenda naye. Jirani yetu njo alishika kamba. Ku kona ya chini, pale udongo ni mwekundu na inateleza kama sabuni, jirani aliteleza na akaachia. Papa alipita na chukudu na magunia yote mu mutaro, na goti lake halikurudi vile lilikuwa. Anatembea, lakini kusukuma haiwezekani tena. Jirani alilia kuliko sisi. Papa hakumulaumu hata siku moja. Alisema tu kama jirani hajui ile kona. Tangu pale hakutaka muntu mwingine nyuma yake.

Alikaa ku kiti mbele ya nyumba. Watu wa mulima walikuwa wanapita na mizigo yao ku kichwa, wanamusalimia, na yeye anaangalia mizigo, haangalii watu. Kiisha siku moja akasema atatengeneza gari.

Tulicheka. Mama alicheka mpaka akaketi. Lakini papa aliuza chukudu zake zote, akapatana na vijana wawili, wakaenda Walikale, na wakarudi na motere ya gari ndogo iliyokufia kule mu matope. Mwenye gari alichoka nayo, akaiuza vipande vipande: motere, usukani, magurudumu na pedali zake. Shasi, chuma cha chini ya gari, ilichomewa na mutu wa garaji kule centre, pale soko iko, kwa bomba za chuma. Mwili wote ni muti wa kalitusi, kazi ya papa mwenyewe, umepigwa randa vizuri mpaka unapenda kuupitishia mukono. Milango ilitoka ku kitanda cha ndoa cha papa na mama. Njo maana jina la ile gari kwa watoto wa mulima lilikuwa Kitanda. Wakiiona inapita wanapiga kelele: "Papa, umelala?" Na papa anajibu: "Ningali naota."

Freni ya muguu ilikuwako, ilikuja na pedali. Lakini ya kusimamisha gari ku mulima, papa aliitengeneza vile alikuwa anajua. Aliweka nyuma muti murefu, chini yake kipande cha kipira kinachobana gurudumu, na pembeni ya muti kiti kidogo. Ukivuta, kipira kinashika. Ukiachia, kinatoka. Aliupima ule muti ku mukono wangu, kuanzia ku bega, kama fundi cherehani anavyopima robe. Hakuniuliza kitu. Na ninasema ukweli, nilifurahi. Hakuna muntu mwingine mulimani petu aliyekuwa na gari iliyopimwa ku mukono wake.

Kisha ikatangazwa kanisani, nyuma ya matangazo ya ndoa, kama kila chombo chenye motere kinapaswa kuwa na plake. Bila plake hakitapita ku bariyeri, na kikijaribu kitabakia pale. Watu wa serivisi ya transport watakuja centre, kwanza wanapima kama chombo kinafaa kutembea ku njia, kiisha wanatoa karte roze, karatasi ya mwenye gari, na plake. Ilikuwa wakati wa mavuno ya maharagi. Familia za mulima zilikuwa zimekwisha kumuambia papa: magunia yetu yatashuka na Kitanda. Bila ile plake, gari ingebakia chini ya shitingi ya plastiki, na papa angerudi ku kiti chake mbele ya nyumba. Tuliijua sisi wote, hata wadogo wangu ambao wangali wanalia kwa kuvaa viatu. Mama aliosha gari kwa sabuni ya nguo.

Ajenti alikuwa mwanaume mwembamba mwenye sauti ya upole. Niliwaza atakuwa mukali, na upole wake ulinipa mashaka zaidi. Aliuliza marque ya gari, ni nani aliyeitengeneza. Papa akasema: "Mie." Ajenti akaandika kama ni gari ya kujitengenezea, bila kucheka. Aliuliza motere ilitoka wapi, papa akatoa karatasi ya kuuziana kutoka Walikale yenye muhuri wa shefu wa kule, na ajenti akatikisa kichwa kama ameridhika. Alitafuta namba ya shasi, haikuwako, akaeleza kama gari ya namna hii inapigiwa namba mupya ku chuma, lakini nyuma ya kufaulu, si mbele. Taa ziliwaka. Klaksoni ilitoka ku kamiyo kubwa ya mizigo, na papa alipoibonyeza, mama mmoja mwenye ndizi aliruka na ndizi zake.

Retrovizeri ilikuwa kioo cha mama cha nyumbani, kile chenye maua ya plastiki pembeni, kimefungwa na waya. Ajenti aliinama mbele yake akaona kidevu chake.

"Papa, hii inamuonyesha dereva sura yake," alisema. "Mie nataka imuonyeshe njia ya nyuma. Na zinapaswa kuwa mbili."

Watu wakacheka, papa naye akacheka, na mama akaja kufungua kioo chake palepale. Niliwaza: kumbe ni mambo ya namna hii tu. Tutafaulu. Njo ajenti akauliza freni ya mukono.

"Njo huyu," papa akasema.

Ajenti alifuata kidole, akaniona, akainama tena kuangalia chini ya gari kama muntu aliyekosa kuona kitu.

"Papa, huyu ni mutoto."

"Njo freni. Anashikaka muzuri sana. Uliza batu yote ya hapa."

"Ni kweli, shefu," kijana mmoja wa pikipiki akasema. "Na hainywake mafuta."

Walicheka. Ajenti alingoja wamalize.

"Na siku hayuko?"

"Atakuwako kila siku."

"Haendake ku masomo?"

"Anaendaka," papa akasema. "Anamalizia mwaka hii. Kiisha, kazi yake itakuwa gari."

Hivyo tu. Kwa sauti ileile aliyokuwa ameitumia kueleza habari ya motere.

Nilikuwa mwaka wa ine wa sekondari. Ilibakia miwili. Hakuna muntu aliyekuwa ameniambia kitu, si nyumbani, si shambani, hata siku ile ya kunipima mukono. Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamuangalia mama, ili sura yake iniambie kama ni muchezo. Mama alikuwa amesimama na kile kioo mikononi, anakiangalia, anapangusa vumbi yenye haikuwako. Hakuinua macho. Njo nilielewa kama yeye alikuwa anajua.

Ajenti alisema tutajaribu. Tulipandisha gari ku njia ya kupanda inayotoka ku soko, ikasimama pua juu, na nyuma yake, chini kidogo, kulikuwa meza ya ajenti na mihuri yake. Aliamuru papa atoe muguu ku pedali. Papa akatoa. Nilivuta muti, gari ikatulia. Ajenti alizunguka, akaangalia magurudumu, kiisha akaja karibu yangu.

"Sasa achia, dada."

"Usiachie," papa akasema kutoka mbele.

"Papa, freni ya mukono inashikaka hata kama batu yote wametoka. Achia, dada."

Sikuwa nimepata siku nyingine kuamuriwa maneno mawili na watu wawili wakubwa. Ningemwambia ajenti kama nikiachia itaenda, lakini kinywa changu hakikufunguka. Niliachia.

Gari ilirudi nyuma. Si mbio, polepole, kama muntu anayekuja kukusalimia. Kijana aliyekaa ku meza alirusha kiti na kukimbia na mihuri kifuani. Papa alitafuta pedali kwa ule muguu wa goti baya, na muguu haukufika. Nikavuta muti kwa uzito wangu wote, vile ninajua, na kipira kikalia ku gurudumu, na Kitanda ikasimama kwa kugusa tu kona ya meza.

Watu walipiga makofi. Papa aligeuka, uso wote unang'aa.

"Unaona? Inashika."

"Inashika kwa sababu ya mutoto," ajenti akasema. Alikuwa amekunja uso sasa. "Papa, mie ku karte roze ninaandika namba ya shasi, na namba ya motere. Haina nafasi ya kuandika mutoto ya batu."

"Basi umuweke ku nafasi ya freni."

Hakuna aliyecheka. Nafikiri papa mwenyewe alitaka wacheke, na walipokosa kucheka alishika usukani kama gari ingali inatembea. Ajenti akanigeukia. Hakuniuliza kwa ukali.

"Na we dada, unasema nini?"

Nani anaulizaka freni inasema nini. Niliangalia mugongo wa papa, ile shati ya bulu ya ibada, na kwa sababu ilikuwa mugongo, njo sauti ilitoka. Sikujibu ajenti.

"Papa," nilisema, "na siku ya egzamen?"

Mukono wa papa ulitoka ku usukani, ukashuka mpaka ku goti, ukabakia pale. Sikuona uso wake. Niliona masikio yake tu, na yalikuwa kama ya kwangu mwalimu akiniita ku ubao. Sikujua mbele ya hapo kama ninayatoa kwake.

Ajenti aliandika kama gari haijafaulu. Inafaa tutafute freni yenye kujishika yenyewe na gari tupu, retrovizeri mbili, na turudi serivisi ikipita tena. Aliruhusu gari irudi nyumbani tu, bila muzigo.

Tulirudi. Mama alikaa karibu na papa, kioo ku magoti. Mbele ya kwetu kuna mushuko mukali, na papa akasema, kama kila siku: "Shika." Nikashika. Na nitasema ukweli wote: nilifikiri kuachia. Sikuachia, nilifikiri tu, kama vile mawazo inapitaka kanisani. Lakini hiyo ilinishitua kupita meza na mihuri. Nilishika sana mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Ile mangaribi mama aliniita tupukuchue maharagi pamoja. Alisema walizungumuza habari ile tangu ajali ya goti, yeye na papa, na kila mara walishindwa namna ya kuniambia. "Si kama hatupendi usome," alisema. "Papa yako hamuone mutu mwingine nyuma yake. Wadogo yako wangali wepesi." Nilimuuliza wangeniambia siku gani. Akasema alikuwa anafikiri papa ataniambia, na papa alikuwa anafikiri yeye. Niliendelea kupukuchua. Hasira yangu ilikuwa kubwa, na maharagi yalikuwa mengi.

Juma lililofuata papa alipanda nyuma ya pikipiki ya mutu, akaelekea Ngungu. Alikuwa amesikia kule kuna jeep ya zamani imelala kando ya njia, kuku wa mwenyewe wanatagia ndani. Alirudi na gunia, na ndani ya gunia muko chuma chenye kutu na manyoya ya kuku: mukono wa freni, wenye meno chini yake kama musumeno, na kabule yake ndefu, waya ya kuvutia freni. Aliupakaza mafuta pamoja na mutu wa garaji, wakaufunga karibu na kiti cha dereva. Ukiuvuta unalia tra-tra-tra, na ukiacha mukono, unabakia juu. Papa aliuvuta na kuushusha mara nyingi. Niliona haamini. Alikuwa anauacha, anangoja, anauangalia kwa pembe ya jicho, kama muntu anayengoja mwizi arudi.

Asubuhi moja, ilikuwa vakansi fupi, alipakiza gari mawe mpaka juu. Akaipandisha ku ule mushuko mukali wa mbele ya kwetu, akavuta kile chuma, akazima motere, akashuka. Mie nilikuwa nyuma, mikono ku muti wangu.

"Shuka," alisema.

Nilishuka. Muti wangu ulitoka, kipira kikaacha gurudumu. Gari ikalia kidogo ndani ya mbao zake, ikanyamaza.

Kiisha papa akapita nyuma ya gari, kwa goti lake lile, akasimama katikati ya njia, chini yake kabisa, mikono mugongoni. Kama ile chuma ingekosa, angepata wapi muguu wa kukimbia. Nilisikia mama anaita kutoka shambani. Mie sikuita. Nilikwenda mbio kurudi ku kiti changu, nilikuwa nimekwisha kuweka muguu.

"Hapana," papa akasema. "Kaa pale pale. Uiache."

"Papa."

"Iache. Nataka nione kama inaweza bila wewe."

Alisimama pale mpaka jua likapanda juu ya kalitusi. Watu walipita na mizigo, wakasalimia, wakauliza anangoja nini. Aliwajibu kama anangoja gari. Nilikaa chini kando ya njia, mikono chini ya mapaja ili isirudi ku muti, na tulikuwa hivyo, yeye akiiangalia gari na mie nikimuangalia yeye, kwa mara ya kwanza uso, si mugongo. Uso wake ulikuwa na woga. Sikuwa najua kama papa anaogopaka.

Gari haikusogea.

Serivisi iliporudi, sikwenda. Ilikuwa siku ya masomo. Mama njo alinieleza: ajenti yuleyule, alivuta chuma mwenyewe, akashusha watu wote, akasukuma gari kwa bega, ikakataa. Walipiga namba ku shasi kwa nyundo, na papa alishituka kwa kila pigo kama anachanjwa yeye. Plake iko ku mwili wa kalitusi wa gari kwa misumari ine. Pale walipouliza nafasi ya watu, papa alisema ni mbele tu. Nyuma ni muzigo. Kiti changu alikwisha kukitoa, na muti wa freni leo njo unafunga mulango wa jikoni, usiku, kwa ajili ya mbuzi.

Nyumba ya masomo yetu iko juu ya ile kona ya udongo mwekundu. Siku ya soko tunasikia klaksoni ya kamiyo, na darasa lote linasema, Kitanda inashuka. Mara ya kwanza papa alishuka na magunia ya mulima bila mie, tulikuwa mu somo la jeografia. Nilisikia motere inapunguza, nikajua amefika ku kona. Mwenzangu wa benchi akaniangalia mikono. Nilikuwa nimeshika pembeni ya meza, nimeegemea nyuma kwa uzito wangu wote, visigino vimekaza chini ya benchi.

Mwalimu akauliza ninavuta nini.

Masikio yaliwaka. Nilisema hakuna kitu, mwalimu. Lakini niliendelea kushika mpaka niliposikia motere iko chini kabisa, ku njia ya bapa, njo nikaachia.